Funguo, Muhuri na Rejista: Kumbukumbu ya Shule ya Sekondari Masisi na Walikale

Prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, akihamishwa, hapa kwetu haondoki kimyakimya. Hupangwa siku. Huja mjumbe wa ofisi ya mratibu wa kanisa au wa ofisi ya elimu ya wilaya. Huja mwenyekiti wa kamati ya wazazi, koti mwilini hata kama jua linawaka. Walimu husogeza viti kivulini. Kisha kazi huanza, na kazi yenyewe ni kuhesabu. Madawati mazima ni mangapi, na yaliyovunjika mangapi? Mabati yaliyong'olewa na upepo yamerudishwa? Ramani ya Afrika ipo? Deni la shule kwa muuza saruji limefikia kiasi gani? Kila jibu linaandikwa. Mwishowe hubaki meza moja yenye vitu vitatu: funguo, muhuri, na rejista kubwa ya majina. Anayeondoka anavisogeza mbele, anayeingia anavivuta kwake, wote wawili wanatia sahihi, na mashahidi wanatia yao.

Shughuli hii tunaiita remize na reprize, yaani kukabidhi na kupokea. Mgeni anaweza kuiona kuwa ni urasimu tuliorithi kwa Wabelgiji. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mahali ambapo mengi yamepotea bila habari, kuhesabu madawati mbele ya mashahidi si mchezo.

Makala haya ni kumbukumbu ya shule ya sekondari katika wilaya za Masisi na Walikale, magharibi ya jimbo la Kivu ya Kaskazini. Hayafuati shule moja wala prefe mmoja. Ukishika shule moja tu, mara nyingi utakuta karatasi zake zimeungua, zimelowana, au zimeishia sokoni kufungia karanga. Ukizishika zote pamoja, kama taasisi moja ambayo madarasa yake yametawanyika milimani na msituni, hapo simulizi linashikamana. Ni simulizi la remize na reprize kubwakubwa. Mara nyingi wenye shule hawakuulizwa, na mara nyingine hakukuwa na shahidi.

Mlima na msitu

Wilaya hizi mbili zinapakana lakini hazifanani. Masisi ni mlima: takriban kilomita za mraba 4,700 za vilima vya kijani, ng'ombe, maharagwe, viazi, na ile jibini ya mviringo inayouzwa Goma hadi Kinshasa. Ina usultani wa Bahunde na wa Bashali, pamoja na sekta za Osso-Banyungu na Katoyi. Walikale ni msitu: zaidi ya kilomita za mraba 23,000, kubwa kuliko wilaya nyingine yoyote ya jimbo, lakini sekta zake ni mbili tu, Wanianga na Bakano. Wanaishi humo Wanyanga, Wakumu, Warega na Watembo. Masisi wanaishi Wahunde na wasemao Kinyarwanda, Wahutu na Watutsi.

Tofauti hiyo inaingia moja kwa moja darasani. Masisi, mzazi anangoja mavuno ya maharagwe au anauza ndama ili alipe minervali, yaani ada ya shule. Walikale, anangoja mawese, au anangoja kijana aliyekwenda kwenye machimbo ya kasiteriti, madini ya bati, arudi na chochote. Masisi, mtoto anapanda mlima na kushuka mwingine kabla kengele haijalia. Walikale, mto ukijaa hakuna masomo siku hiyo, na kwa miaka mingi bidhaa zilifika kwa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo, kwa kuwa njia ya kuja kutoka Goma ilikuwa tope tupu. Chaki, sare na vitabu vilipanda bei kwa kila kilomita.

Mwaka wa shule, hata hivyo, ni mmoja. Unaanza Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Julai kwa proklamasio, siku ambayo majina yanasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, kuanzia wa kwanza kwenda chini. Palmaresi hiyo ndiyo hesabu ya mafanikio ya shule. Anayetaka kujua shule imefanya nini mwaka mzima haombi ripoti. Anakwenda uwanjani kusikiliza nani ametajwa na nani amerukwa.

Ufunguo wa kwanza

Ufunguo wa kwanza ulikuwa wa misheni. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II na Vatikani zilitia sahihi mkataba: misheni za Kikatoliki zingepewa ardhi ya hekta 100 au 200 kwa kila kituo, ya kudumu, nazo zingefungua shule zenye mafundisho ya kilimo na ufundi, kwa programu iliyokubaliwa na dola. Ndiyo maana hadi leo, ukitafuta shule kongwe Kivu, unaikuta juu ya kilima kizuri, kanisa mkono mmoja, zahanati mkono wa pili, mikalitusi ikipanda pamoja na njia. Ardhi ilitangulia, mwanafunzi akafuata.

Mapadri Weupe walishika sehemu kubwa ya Kivu. Waprotestanti, wakiwemo Wapentekoste wa Norwe na Uswidi waliofika Kivu katika miaka ya 1920, walijenga zao kwa michango ya makanisa ya kwao, maana serikali ya kikoloni ilitoa ruzuku kwa misheni za Kikatoliki za Kibelgiji na ikawaweka wengine pembeni hadi mwaka 1948. Mgawanyiko huo haujafutika. Mwulize kijana wa Masisi anasoma wapi, naye atakuambia kwanza shule yake ni ya nani, ya Wakatoliki, ya Waprotestanti wa CBCA au wa CEPAC, au ya serikali, kisha ndipo akutajie kijiji.

Sekondari kamili ilichelewa sana. Kwa miongo mingi mtoto mweusi aliyemaliza msingi alikuwa na milango miwili: seminari, au shule ya kufundisha walimu. Humanite, yaani sekondari kamili yenyewe, pamoja na Kilatini na hesabu za juu, zilianza kufunguliwa kwa Waafrika baada ya mageuzi ya 1948. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret aliamuru shule za serikali zisizo za dini zifunguliwe kwa watoto wa Kikongo, jambo lililowakera maaskofu. Kwa hiyo uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, nchi yenye ukubwa wa Ulaya Magharibi ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Vijijini, mtu mwenye miaka sita ya sekondari alikuwa karani, mwalimu, mkalimani na hakimu wa majirani kwa wakati mmoja.

Remize ya kwanza ilifanyika ndani ya kanisa lenyewe. Mwaka 1959 Goma ikawa jimbo la Kanisa, na askofu wake wa kwanza, Joseph Mikararanga Busimba, alikuwa mwana wa Afrika. Taratibu, ofisini mwa shule padri mzungu akampisha padri mweusi, na padri akampisha mwalimu mlei mwenye diploma. Funguo zikahama mkono, nyumba ikabaki na mwenye kiwanja.

Mtihani mmoja kwa nchi nzima

Mwaka 1967 uliongeza kitu ambacho hakikuwa juu ya meza ya remize, nacho kikaja kuwa na nguvu kuliko prefe yeyote: Mtihani wa Serikali, Exetat. Tangu hapo thamani ya mwanafunzi haikutegemea tena heshima ya shule yake. Mtoto wa Pinga, huku Walikale, na mtoto wa Kinshasa walipewa maswali yaleyale, siku zilezile, na alama ya kupita ileile ya asilimia 50.

Kwetu, siku nne za Exetat ni kama Krismasi iliyochanganyika na msiba. Bahasha za maswali hufika zikiwa zimefungwa na kulindwa. Wafinalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, wa shule za ndani kabisa hutembea kwenda kituo cha mtihani, hupanga chumba pamoja, hupika kwa zamu na kukariri usiku kwa taa ya simu. Zamani matokeo yalisomwa redioni, na familia nzima ilisogea karibu na betri isije ikaisha kabla shule yao haijafikiwa. Sasa yanakuja kwa ujumbe wa simu. Jina likitoka, kijana humwagiwa poda nyeupe kichwani hadi mabegani, anazungushwa barabarani kwa nyimbo, na hata asiyemfahamu anajua kwamba huyu sasa ni diplome.

Poda hiyo ina maana kwa sababu diploma ya serikali inatambulika popote nchini. Mabati ya shule yanaweza kuibwa na jina la wilaya linaweza kubadilishwa, lakini asilimia iliyoandikwa Kinshasa mtu anatembea nayo. Kwa watu wanaohamahama kwa vita, hiyo ni mali inayobebeka.

Muhuri unabadilika

Fungua rejista ya matrikuli, ile kubwa ya majina, ya shule yoyote kongwe iliyonusurika, uteremke na kidole. Hadi kama 1971 utakutana na akina Joseph, Marie, Pascal na Bernadette. Kisha, ghafla, wametoweka. Ni mwaka 1972: rais Mobutu amekwisha kuiita nchi Zaire, na sasa amepiga marufuku majina ya Kikristo. Mwanafunzi aliyelala akiwa Joseph aliamka na jina la babu yake. Baada ya Aprili 1990, chama kimoja kilipokoma, akina Joseph wakaanza kurudi, mara nyingine kwa wino tofauti pembeni ya ukurasa. Hakuna kitabu cha historia kinachokuonyesha siasa ya uhalisi wa Kizaire kwa uwazi kama safu hiyo ya majina.

Remize kubwa kuliko zote ilitangazwa tarehe 30 Desemba 1974. Dola ilizitaifisha shule zote za makanisa. Masomo ya dini yakaondolewa, elimu ya siasa ya chama ikaingia, vijana wa JMPR, tawi la vijana la chama hicho, wakapewa sauti uwanjani. Hakuna aliyehesabu madawati mbele ya mashahidi. Haikupita miaka mitatu, dola ikaona kwamba kuendesha maelfu ya shule za vijijini kunahitaji mtu anayelala hapohapo kijijini. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na makanisa ya Kikatoliki, Kiprotestanti na Kikimbangu: funguo zirudi. Waislamu nao wakaja kupata mtandao wao.

Lakini hazikurudi zilivyochukuliwa. Mkataba wa 1977 uliigawa shule vipande. Dola ilibaki na programu, ukaguzi na mishahara. Kanisa likapata uendeshaji wa kila siku, pamoja na sauti nzito katika kumteua prefe. Tangu hapo prefe wa shule konvensione, yaani ya mkataba huo, ana mabwana wawili, mratibu wa kanisa na serikali, na muhuri wake una majina mawili. Ndiyo maana remize na reprize yetu ina mashahidi wengi kiasi hicho. Akikosekana mmoja, mwingine ataikataa karatasi.

Wazazi wanaupokea mzigo

Daftari la minervali nalo lina simulizi lake. Kurasa za 1967 kurudi nyuma zinahesabu faranga. Kisha zaire, ambayo moja ilibadilishwa kwa faranga 1,000. Mwaka 1993 inaingia zaire mpya, moja kwa zaire za zamani milioni 3. Mwaka 1998 inarudi faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Watunza hazina wengine waliacha kubadilisha, wakaandika tu: maharagwe, debe moja.

Katika tufani hiyo mshahara wa mwalimu ulikufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilipita kwenye uporaji na migomo, madarasa yakafungwa. Kuanzia mwaka wa masomo wa 1992–1993 maaskofu na wazazi walikubaliana jambo la muda: wazazi wamwongezee mwalimu kitu, prime ya kumtia moyo, hadi dola irudi. Jambo la muda likadumu zaidi ya robo karne.

Hapa kuna ukweli ambao sherehe za shule huupita haraka. Miaka yote hiyo mmiliki halisi wa shule alikuwa mama wa Masisi aliyeuza kuku, na baba wa Walikale aliyebeba bidoni ya mawese. Wao hawakuwamo kwenye mkataba wa 1977. Pesa yao haikuishia kwa mwalimu tu. Sehemu yake ilipanda ngazi, kuendesha ofisi za uratibu, ofisi za wilaya, ukaguzi, hadi mkoani. Dola iliyoshindwa kuteremsha mshahara ilijifunza kupandisha mchango. Na mtoto ambaye mzazi wake hakuwa na kuku alirudishwa nyumbani asubuhi, begi mgongoni, kwa kosa lisilo lake.

Mwaka 2019, serikali ya rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza kifungu cha 43 cha katiba ya 2006: shule ya msingi ya umma bila malipo. Watoto walifurika; madarasa ya zaidi ya 100 yakaonekana. Sekondari ikabaki ya kulipia, na prefe akabaki na swali lilelile la prime. Humo humo shuleni wapo walimu wa NU, ambao wameajiriwa, wanaandaa masomo na kusahihisha mitihani, lakini majina yao hayajaingia kwenye listi ya mishahara ya Kinshasa. Mwalimu wa D6, aliyetoka na diploma yake shule hiihii, anaweza kufundisha kizazi kizima akiwa NU. Siku ya remize anahesabiwa kati ya wafanyakazi. Siku ya malipo hatajwi.

Kengele na bunduki

Tarehe 20 Machi 1993, sokoni Ntoto, wilayani Walikale, damu ilimwagika, na moto ukapanda hadi Masisi. Maelfu waliuawa, na familia zilizokuwa zikikaa dawati moja zikajikuta upande huu na ule wa kilima. Mizizi ilikuwa ya zamani, na mmojawapo ulikuwa ardhi: tangu 1937 serikali ya Kibelgiji ilikuwa imehamishia watu kutoka Rwanda katika milima ya Masisi, hasa Gishari, bila kumaliza swali la nani anatawala na kwa sheria ya nani. Julai 1994 mamia kwa maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakaingia Goma. Mei 1996 watu waliojificha kwenye monasteri ya Mokoto wakashambuliwa humohumo. Kisha vita viwili vya Kongo, utawala wa waasi wa RCD kutoka Goma, waasi wa CNDP wenye ngome zao Masisi, na makundi ya Mai-Mai ambayo majina yake hubadilika upesi kuliko mihuri.

Katika vita shule huteseka kwa sababu ni jengo bora kijijini. Lina paa, lina uwanja, liko juu. Askari analala darasani. Dawati linakuwa kuni. Ukuta wa mwaka wa tano unaandikwa kwa mkaa. Waliokimbia vijiji vyao nao hulala humo, maana pengine hawana. Asubuhi mwalimu huomba watu wakusanye vyombo, afundishe hadi adhuhuri, kisha warudi.

Lakini mitandao ya makanisa haikuvunjika. Katika miaka ya 1998 hadi 2003, nchi ilipokuwa na tawala kadhaa, ofisi ya mratibu ndiyo iliyojua shule ipi ingali hai, nani anafundisha, na nani amekimbilia wapi. Hapo rejista ikageuka kuwa kitu cha kufa na kupona. Aliyepoteza nyumba alirudi shuleni si kusoma tu, bali kuomba hati inayosema kwamba aliwahi kuwa mwanafunzi hapa, mwana wa fulani, mzaliwa wa kijiji hiki. Mahali ambapo watu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, daftari la prefe huwa shahidi wa pekee.

Mwaka wa masomo 2024–2025 ulianza Septemba 2, Rubaya, mji wa Masisi wenye madini ya kolta, ukiwa tangu Aprili mikononi mwa waasi wa M23. Wafinalisti wengi wa Masisi walikuwa wanasoma ukimbizini kandokando ya Goma. Tarehe 4 Januari 2025 M23 iliingia Masisi-centre. Tarehe 27 ikaingia Goma. Kambi za waliokimbia zikabomolewa na watu wakaambiwa warudi makwao. Tarehe 19 Machi ilifika Walikale-centre, ikakaa takriban wiki mbili, kisha ikaondoka. Mgodi wa bati wa Bisie ulisimamisha kazi mwezi huo, na minervali ya muhula wa mwisho ikasimama pamoja nao.

Mwaka kama huo, mafanikio yanapimwaje? Shule zenye raha huhesabu vikombe. Kwetu, prefe aliyefungua tena darasa la sita likiwa na watoto kumi na wawili kati ya arubaini amefanikiwa. Mwalimu wa fizikia aliyemaliza programu chini ya turubai amefanikiwa. Msichana aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, akamwacha mtoto kwa bibi yake, ana nafasi yake kwenye palmaresi, hata kama hakuna anayejua aiandike kwenye safu gani.

Mtoto wa Shemwindo

Wanyanga wa Walikale walikuwa na simulizi la kukabidhiana uongozi kabla padri wa kwanza hajafika. Mwaka 1956 mtambaji Candi Rureke alimtambia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo, siku baada ya siku, akiimba, akisimulia na kucheza. Shemwindo, mtawala wa Tubondo, hakutaka kurithiwa. Aliamuru wake zake wazae mabinti tu, na mtoto wa kiume auawe. Mwindo akazaliwa licha ya amri. Akazikwa, akafukuka, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni, akatoka. Baba akakimbilia kuzimu kwa Muisa, naye mtoto akamfuata hadi huko. Hakumfuata kumwua, alimrudisha nyumbani. Remize yenyewe inafanyika mwishoni, mbele ya mkutano wa watu wote: Shemwindo anakiri makosa, anavua vitu vya utawala kimoja kimoja, anamvika mwanawe, na kumbariki.

Utendi huo ulitoka kwa maandishi mwaka 1969 kwa kazi ya Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga na mwanaisimu, ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala. Ukiuliza shule ya nchi hii imezaa nini, mimi naanzia hapo: mtoto wa msitu aliyepata kalamu, akarudi na kuishikiza kalamu hiyo kwenye mdomo wa mtambaji wa kwao. Rureke alikuwa na rejista yake kichwani. Mateene alisaidia kuiweka mahali ambapo moto wa kijiji kimoja hauwezi kuimaliza.

Na utendi unatufundisha jambo ambalo fomu ya remize haina nafasi yake. Shemwindo hahesabu vitu tu. Anasema pia alichokosea, na watu wanasikia. Prefe wetu hukabidhi madawati. Ni nadra akabidhi deni la watoto aliowafukuza kwa kukosa minervali, au miezi ambayo walimu wa NU walifundisha bure. Dola ilikabidhi mwaka 1977 bila kusema 1974 ilikosea wapi. Waliopita na bunduki hawakukabidhi chochote, waliondoka tu. Kumbukumbu ya kweli ya taasisi hii ingeyaandika hayo nayo, chini ya idadi ya mabati.

Jioni ya remize, wageni wakishakula wali na nyama ya mbuzi na kuondoka kwa pikipiki kabla ya mvua, prefe mpya hubaki ofisini. Anajaribu funguo, moja haiingii popote. Anaukandamiza muhuri kwenye karatasi chakavu aone kama wino ungalipo. Kisha anafungua rejista ya matrikuli kwenye ukurasa wa mwisho wenye maandishi. Tarakimu za mbele ya majina haziangalii nani ni prefe. Hazikuanza upya 1974, wala 1977, wala Januari ile. Zinapanda tu, moja baada ya nyingine, nyingine kwa mwandiko wa kuharakisha. Anachukua kalamu, anapiga mstari chini ya jina la mwisho, na kuandika nambari inayofuata, ili mtoto wa kwanza wa Septemba akija aikute.